Maziwa ya Chini ya Chungu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Na nyinyi wazazi mlioko huko nyuma, msijifanye hamsikii. Hadithi hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale, nyika ilikauka. Kau! Bi Nyati peke yake ndiye aliyekuwa na maziwa, naye hakuwa mchoyo. Kila jioni alijaza chungu kikubwa, kikalala. Asubuhi mafuta yameelea juu, mazito, ya manjano. Wanyama wakaja na kata zao. Engua, engua! Lamba, lamba! Yaliyobaki chini wakayamwaga. Ndiyo ilikuwa desturi yao.

"Mwaga!" alisema Bwana Ngiri. "Utamu umeshatoka. Nani anywe maji meupe?"

"Mimi," akasema Bi Paa. "Mimi na mwanangu."

Mwanawe, Kipaa, alikuwa ametoka kuugua homa. Amekonda, mifupa mitupu. Akisimama, miguu inatetemeka. Na wanyama wote walikuwa wanajiandaa kuhama, kuvuka kilima kwenda kwenye majani. Nyuma ya msafara, siku zote, hutembea Fisi. Atakayeketi njiani ni wake.

Ngiri akacheka. Kwe, kwe, kwe! "Bi Paa, mtoto mgonjwa unamlisha maji?"

"Kilichoelea ni mafuta, Bwana Ngiri. Kinachojenga mwili hakikuelea. Kimebaki humu humu."

"Nani kakwambia?"

"Subiri. Mtoto atakwambia mwenyewe."

Kipaa akanywa. Gu, gu, gu! Leo akanywa, kesho akanywa, kesho kutwa akanywa. Na majani machache yaliyopatikana akala. Paja likajaa. Shingo ikasimama. Akaanza kuruka, ti! ti! ti! Mama yake akalia kwa furaha.

Siku ya safari ikafika. Wakapanda kilima. Panda, panda! Fisi yuko nyuma, macho yote kwa Kipaa. Kipaa haketi. Panda, panda! Kipaa haketi.

Fisi akanung'unika, "Huyu kala nini huyu?"

Mara, pu! Bwana Ngiri ameketi. Tumbo linaning'inia, pumzi haipiti. Fisi akageuza shingo.

"Lo! Kumbe changu kiko huku, tena kimenona!"

Ngiri akamtupia kibuyu cha mafuta aliyoyaengua kwa ajili ya safari. Fisi akainama kulamba. Ngiri akajikokota kilimani, analia waziwazi, hana hata haya.

Asubuhi, ng'ambo ya kilima, chungu kikafunuliwa. Bi Paa akamsogezea Ngiri kata.

"Karibu, Bwana Ngiri. Engua wewe kwanza."

Ngiri akainamisha kichwa. "Ya juu wape wengine, mama. Mimi nipe ya chini."

Basi, jueni hili. Maziwa yaliyoenguliwa si maji. Mafuta huondoka, protini hubaki, nayo ndiyo hujenga mwili. Msidharau chakula kwa kuwa hakikunona.

Hadithi yangu imeishia hapo, ng'ambo ya kilima. Aliyeipenda na aende nayo kwake.