Fisi na Kikombe cha Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliokula jana? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Sikilizeni.

Hapo kale, wanyama walipolima kahawa nasi tukiwa bado tunatafuna majani, aliishi mlimani mjane mmoja, Bi Nungunungu, na binti yake Kemilembe. Jumbe wao alikuwa Fisi. Naam, Fisi! Walimchagua wenyewe, msiniulize.

Mavuno yalipokwisha Jumbe akatangaza: "Leteni buni zote kwangu, nizilinde na wezi." Mlinzi huyo! Wakapeleka, tena wakamshukuru. Bi Nungunungu akabaki na maganda makavu ya buni uani, yale ya kutupa migombani.

Kumbe mheshimiwa alikuwa na lake jambo. Alimtaka Kemilembe awe mke wa nne, na desturi ya huko ni kwamba nyumba isiyo na kahawa ya kumpa mposaji haina mdomo wa kumkataa. Akatuma neno: kesho naja kuposa.

Kemilembe akalia. "Mama, niolewe na uvundo ule?"

"Nyamaza, mwanangu. Lete chungu."

Mama akayaosha maganda, akayakaanga kidogo, akayachemsha na tangawizi mpaka maji yakawa mekundu na nyumba nzima ikanukia.

Fisi akaja, tumbo mbele, na mshenga wake Kobe nyuma. "Hodi! Poleni, najua hamna kahawa."

"Karibu, Jumbe. Ipo. Nawe unajua desturi: kikombe cha kwanza salamu, cha pili posa, cha tatu kwaheri, umejibiwa hujajibiwa."

Fisi akachungulia. "Maganda! Nani atafika cha tatu kwa takataka hii?"

Akanywa cha kwanza. "Mh! Takataka." Akalamba mdomo wa kikombe.

Akanywa cha pili. "Mh! Takataka tupu." Akalamba mpaka kitako. "Sasa, bibi, namposa binti yako. Na kwa kuwa hii si kahawa, huna mdomo wa kunikataa."

Kemilembe akamshika mama mkono. Mama akainuka na chungu.

"Sijakataa, Jumbe. Ngoja nikamwage takataka hii tuzungumze."

"Usimwage!" Fisi akampokonya chungu, akajaza kikombe, akagugumia, mate yakimchuruzika. Uungwana ulioje!

"Kwaheri, Jumbe," akasema Bi Nungunungu.

"Kwaheri, Jumbe," akasema Kemilembe.

"Umekwisha kuaga, Jumbe, twende," akasema Kobe.

"Lakini si kahawa! Ni maganda!"

"Ala!" akasema mama. "Kama si kahawa, mposaji mzima umekunywa nini vikombe vitatu?"

Fisi akafungua mdomo. Ukatoka mcheuo wa tangawizi, basi. Kemilembe akacheka hadi akakaa chini, na posa ikafia hapo hapo.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, ndivyo walivyosema wakubwa. Ngano yangu nimeitua. Aliyeipenda aibebe, aliyechukia akamshtakie jumbe wake. Mimi nilifika kuonja, lakini wapi! Fisi alikuwa ameshalamba hadi mwiko.