Sultani na Wauguzi Waliokaa Kitako

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba mwili na udhaifu wake, kisha akaumba mikono ya kuuhudumia. Rehema na amani ziwashukie Mitume wake wote. Ama baada ya hayo: hadithi hii niliipokea kwa mwalimu wangu wa Siyu, naye aliipokea kwa mama yake aliyekuwa mkunga. Nami nakufikishia wewe, ili nawe umfikishie mwenzako.

Alikuwapo Sultani aliyejenga nyumba kubwa ya tiba, akaipenda kuliko kasri lake. Mlango wa dharura, wanakoletwa walioumia ghafla, aliukabidhi kwa muuguzi aitwaye Bi Mwanakheri.

Siku moja Waziri alimwendea Sultani na mashitaka.

"Bwana wangu, kila nikipita mlango wa dharura, wauguzi wengine wanahangaika na wagonjwa, na watatu wamekaa kitako mkekani. Hata paka wa jikoni hukamata panya. Hawa wanakamata nini?"

Sultani akaenda mwenyewe, Waziri nyuma yake. Kweli, akawakuta watatu wamekaa, mikono mapajani.

"Bi Mwanakheri, hawa kazi yao nini?"

"Kuwa na mikono mitupu, bwana wangu."

Sultani akacheka. "Kwetu sisi, anayekuja mikono mitupu huambiwa hana adabu. Wewe unamlipa?"

"Hawa wanamngoja mtu ambaye bado hajaumia."

"Ni nani huyo?"

"Simjui. Wala yeye mwenyewe hajui."

"Umesikia, bwana wangu," Waziri akadakia. "Tunawalisha watu wanaomngoja fulani."

Sultani alimheshimu Bi Mwanakheri, lakini maneno ya Waziri yalimwingia. "Nakupa mpaka adhuhuri," akasema. "Usiponionyesha haja ya watatu hawa, nitawapeleka wakafue mashuka."

Bi Mwanakheri akainamisha kichwa. "Haja yao, bwana wangu, siwezi kuileta kwa amri. Naomba hata isije."

Kumbe Sultani alikuwa na hila yake. Aligeuka kama anayeondoka, akashika kifua, akaanguka.

Kichwa chake hakikugusa sakafu. Wale watatu walikuwa wamekwisha kumdaka. Mmoja akamlaza kitandani, wa pili akamshika mshipa wa mkono, wa tatu akamvua kiatu na kumlegeza mshipi. Waziri alikuwa bado hajageuza shingo.

Sultani akafumbua jicho moja, akaangua kicheko. "Hongereni, mmefaulu. Lakini, Bi Mwanakheri, nimekunasa. Mikono yote sasa imejaa Sultani. Akija mwingine je?"

Kabla hajajibiwa, mlango ukasukumwa kwa kishindo. Wakaingia watu wamebeba ubao, na juu yake Machano, mkwezi wa minazi wa shamba la kasri. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi. Paja limepasuka, damu inaruka, uso umekwisha rangi. Mkewe alikuja mbio nyuma yao, akisema, "Anaondoka huyu jamani, anaondoka."

Bi Mwanakheri hakumtazama Sultani.

"Mwacheni anayecheka," akawaambia wenzake. "Anayecheka atasubiri."

Wakamwacha. Naam, wakamwacha Sultani wa nchi amelala chali, kiatu mguu mmoja. Wa kwanza aligandamiza jeraha kwa ngumi, wa pili akalifunga paja na kukaza, wa tatu akakishika kichwa cha mkwezi.

"Machano, usilale. Nitajie jina la mkeo."

Machano akafumbua macho kwa shida. "Nikikosea," akanong'ona, "ndipo nitakufa kweli."

Mkewe akacheka na kulia kwa pamoja. Damu ikapungua, ikasimama. Machano akabaki hai.

Waziri alikuwa amefura. "Bwana wangu, wamekutupa kama gunia. Waadhibiwe?"

"Nyamaza," Sultani akasema, akijifunga mshipi mwenyewe. "Kama tungekusikiliza, huyu angekufa leo huku wao wanafua mashuka." Kisha akamgeukia Bi Mwanakheri, sauti imeshuka. "Niambie jambo moja. Watatu wako sasa wako kwa Machano. Akija mwingine?"

"Nipo mimi. Ndiyo sababu tangu umeingia hujaniona nikishika mgonjwa."

"Na baada yako?"

"Baada yangu, bwana wangu, nilikuwa natafuta siku njema ya kukuomba muuguzi wa nne."

Sultani akacheka hadi machozi yakamtoka. Aliyekuja kuwaondoa watatu akaondoka amekwisha kumwajiri wa nne.

Funzo: Idadi ya wahudumu wa mlango wa dharura haipangwi kwa kuwatazama wagonjwa waliokwisha lala tu, bali kwa kumfikiria pia aliye njiani, ambaye hajui kwamba anakuja, na anayekaa tayari kumpokea yuko kazini.

Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote mliosikiliza, awape afya nyinyi na watoto wenu, na siku mtakayofikishwa mlango huo, awajaalie mtu wa kuwapokea. Amin.