Chaki kwenye Puli

Methali isemayo “Kawia ufike” haimtetei mvivu. Anayelala hadi jua likamchoma mgongo, kisha akadai anafuata maneno ya wahenga, huyo anajidanganya. Methali hii inamsemea mwenye safari ya kweli na haraka ya kweli, ambaye hata hivyo anakubali kupoteza saa moja ili asipoteze safari nzima. Ushahidi wangu ni fundi cherehani mmoja na mkewe mkunga.

Fundi huyo majirani walimwita Sentimita, kwa kuwa hakuna alichokiamini kabla hajakipima. Siku hiyo binti yake wa pekee alikuwa anaapishwa kuwa wakili, saa tisa alasiri, katika mji ulio mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari. Binti alishikilia kwamba hatavaa joho la dukani. Atavaa lililoshonwa na baba yake. Joho lilikuwa tayari, limening'inizwa sebuleni. Asiye na joho hakuruhusiwa kusimama mbele ya jaji, na aliyekosa siku hiyo alisubiri mwaka mzima.

Saa moja asubuhi Sentimita alifungua boneti kukagua gari. Mkanda wa taimingi, ule wenye meno unaoziunganisha puli, yaani magurudumu madogo ya injini, ili kila kitu kiende kwa zamu yake, ulikuwa na ufa, na meno mawili yameng'oka. Mkanda mpya alikuwa nao tangu miezi minne nyuma, kwenye droo ya cherehani, ukingoja siku ya nafasi. Fundi wake wa magari alikuwa amesafiri. Basi la mji ule lilikuwa limeshaondoka alfajiri.

“Huu ukikatika njiani, injini imekufa,” alimwambia mkewe. “Nitaubadilisha mwenyewe. Nimemwona fundi akifanya mara mbili.”

“Kuona si kufanya, baba wakili,” mkunga alisema. “Lakini sina la kukupa badala yake. Anza.”

Alianza vizuri. Akapiga jeki, akatoa gurudumu la mbele, akafungua kifuniko cha mkanda. Kabla ya kuutoa ule wa zamani alichukua chaki yake ya kushonea, akaweka alama kwenye puli ya juu na ya chini, na nyingine kwenye injini mkabala nazo, ili mkanda mpya ukae palepale. Kisha akauvua ule mbovu. Puli zilikuwa zimejaa vumbi, akashika kitambaa akazipangusa. Hapo ndipo miaka thelathini ya kazi ilipomponza. Mkono wa fundi cherehani hukung'uta chaki kila umalizapo nguo, na hauulizi kama kilicho mbele yake ni suruali au injini. Aliposhtuka, alama zote zilikuwa kwenye kitambaa, na puli ya juu ilikuwa imecheza kidogo.

Hakumwambia mtu. Alikisia kwa jicho, akavalisha mkanda mpya, akakaza. Saa nne na nusu simu ikalia, binti akipiga kutoka mjini kule.

“Baba, mmeshaondoka?”

“Tunaondoka sasa hivi, mama.”

Akaingia garini akashika ufunguo. Mkewe, aliyekuwa anatoka na joho mkononi, akasimama mbele ya boneti.

“Fundi wako huwa anawasha hivyo tu?”

“Huzungusha kwanza kwa spana, mizunguko miwili. Lakini muda umetutupa mkono.”

“Mizunguko miwili huchukua muda gani?”

“Dakika moja hivi.”

“Dakika moja tunayo. Nipe spana.”

Alipiga magoti, akaishika nati ya puli ya chini, akazungusha taratibu. Nusu mzunguko, akasimama.

“Kuna kitu kimekataa.”

“Vuta kwa nguvu. Injini ni nzito.”

“Uzito naujua, na kukataa nakujua,” mkunga alisema. “Mikono hii imepokea watoto wangapi? Kinachokataa hakilazimishwi. Unarudi nyuma, unaangalia kimekaaje.”

Sentimita akashuka garini, uso umemsawijika, akakiri habari ya chaki. Angegeuza ufunguo, vali zingegongana na pistoni ndani ya injini zikapinda, na gari lingebaki uani kuwa nyumba ya kuku.

“Pindo la kaptura unalipima mara tatu,” mkewe alisema kwa hasira, “injini unaikisia?”

 Sentimita alimwona binti yake akilini, amesimama nje ya mahakama bila joho, na machozi yakamlenga. “Tutachelewa,” alisema.

“Tuchelewe. Fungua.”

Wakafungua upya. Walisugua puli kwa mafuta ya taa hadi masizi yakatoka, na chini ya grisi zikaonekana nukta ndogo zilizochongwa kiwandani, ambazo hakuna kitambaa kiwezacho kuzifuta. Sentimita alizilinganisha kwa rula yake ya kushonea, akavalisha mkanda, akazungusha mara mbili. Spana ilikwenda bila kugoma, na nukta zikarudi mahali pake. Akazungusha mizunguko miwili mingine bila kuambiwa. Saa sita kamili aligeuza ufunguo, injini ikawaka kama kawaida yake.

Walifika saa tisa na nusu. Majina yalikuwa yanasomwa. Binti alikuwa mlangoni, macho mekundu. Alikuwa amemwomba karani amweke mwisho wa orodha, na mbele yake walibaki watu wanne. Baba alimvisha joho. Jina lilipoitwa na binti akaanza kutembea, mkunga aliona mstari mweupe wa chaki kwenye pindo la nyuma.

“Ya kufutwa umeiacha,” alimnong'oneza mumewe, “ya kuachwa ukaifuta.”

Sentimita alikuwa analia waziwazi, grisi bado kwenye kucha. Mbele ya jaji, binti aliinua mkono wa kulia. Aliapa wa mwisho kati ya wote, na kiapo chake kikawa na uzito uleule wa kile cha aliyetangulia. Naam, kawia ufike.