Picha ya Bibi Olga na Ghala la Dunmoyle

Wahenga waliposema kwamba mchagua jembe si mkulima, hawakuwa na maana kuwa jembe bovu lina faida kuliko jembe zuri. Walikuwa wakimsema mtu tunayemjua sote, yule anayepitisha msimu mzima akipimapima mipini dukani huku shamba lake likiota magugu. Mtu wa namna hiyo hukera. Hukera zaidi shamba lenyewe linapokuwa la mwenzake.

Dunmoyle ni kijiji cha wakulima wa ngano katika nyanda za Saskatchewan. Kama walivyofanya majirani zao, watu wake waliamua kutoa kitabu cha historia ya kijiji, kila familia ipewe ukurasa wake wa kueleza ilikotoka na kuweka picha yake. Kusafisha filamu kulikuwa ghali, hivyo kamati ya kitabu ikaazimia kununua kamera ya dijitali, kwani kamera hizo ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kushuka bei. Akina mama walipika pirogi, yaani vijimaandazi vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, na kuoka pai katika ukumbi ulio chini ya kanisa, wakauza mpaka zikapatikana dola mia tatu. Fedha zikawekwa kwa Noreen Lozinski, mtunza hazina wa kamati. Kazi ya kuichagua kamera akajitolea mumewe, Garth, mwalimu mstaafu aliyependa magazeti ya picha kuliko chakula.

Hapo ndipo adabu za Dunmoyle zilipowaponza wenyewe. Katika kijiji hicho mtu akijitolea kufanya jambo, haulizwi neno. Anayethubutu kumkosoa hukabidhiwa yeye kazi hiyo, tena kwa makofi. Kwa hiyo kila mtu alinyamaza, akajifanya hana macho.

Mwenye haja kuliko wote alikuwa Bibi Olga Hryciuk, mjane aliyekwisha kupita miaka themanini. Nyumba yake ya kwanza iliungua, na picha zote za marehemu mumewe, Metro, zikateketea. Kitu pekee kilichobaki cha kumkumbusha Metro ni ghala refu la mbao kando ya reli, ambamo alipokea na kupima ngano ya kijiji kizima tangu ujana wake hadi alipostaafu. Kampuni yenye ghala ilikuwa imetangaza kwamba italibomoa majani yakianza kupukutika. Bibi Olga hakutaka makuu. Alitaka apigwe picha moja amesimama kwenye mlango wa ghala, iwekwe katika ukurasa wa akina Hryciuk, ili vitukuu wake wajue babu yao alikuwa nani.

"Garth, mwanangu, lini?" alimuuliza mapema mwezi wa Juni.

"Karibuni, Bibi. Kamera zilizopo sasa zina pikseli milioni mbili tu. Nasubiri toleo jipya."

"Mimi nimebakiwa na meno mawili, na nyama natafuna."

Garth alicheka, akaenda zake. Mwezi wa Julai akaendesha gari hadi mji wa Saskatoon, akarudi na rundo la vijitabu vya matangazo. Kamera moja ilikuwa na lenzi nzuri lakini inamaliza betri upesi. Nyingine ilidumu na betri lakini kioo chake kidogo. Ya tatu ilimfaa kwa kila hali, ila muuzaji alimnong'oneza kuwa bei itashuka Agosti. Agosti ilipofika ikatangazwa nyingine bora zaidi, na Garth akaanza upya kama mtu aliyepoteza hesabu ya mishono.

Kila Jumapili yenye jua, Bibi Olga alitoka kanisani akiwa na koti lake la bluu na kitambaa kipya kichwani, akaenda kusimama mlangoni pa ghala, endapo Garth angepita. Garth alipita kweli. Alimpungia mkono. Inaudhi hata kuisimulia.

Noreen hakuweza kuvumilia zaidi. Katika duka la ushirika, nyuma ya makopo ya rangi, alikuwa ameona kamera ndogo ya toleo la mwaka uliopita, nayo iliuzwa kwa bei iliyo ndani ya uwezo wao.

"Kichezeo kile?" Garth aliguna. "Unataka watu wanicheke?"

"Kumbe kitabu ni chako?"

"Noreen, mambo haya huyajui. Jambo likitakiwa kufanywa, lifanywe sawasawa."

"Basi lifanywe! Ngojangoja huumiza matumbo, na linaloumia si lako, ni la yule bibi."

Garth alifungua gazeti lake. Noreen alimeza hasira, kwani kamati ndiyo iliyompa mumewe kazi, naye ni mtu wa Dunmoyle.

Bila taarifa, asubuhi moja ya Septemba, wabomoaji waliingia na mashine yao yenye mkono wa chuma. Garth alikuwa Saskatoon, ameegemea kaunta ya duka, akiuliza habari za dhamana. Noreen aliposikia mngurumo alitoka mbio, akasimama mbele ya mashine na kunyoosha mikono.

"Mama, toka hapo," msimamizi wa kazi alimwambia. "Hii mashine tunailipia kwa saa."

"Kuna bibi yuko nyumba ile pale. Marehemu mumewe alifanya kazi humu maisha yake yote. Anataka picha moja tu. Wewe huna bibi?"

Msimamizi alijikuna shingo, akawatazama vijana wake. "Haya. Mpaka tumalize kahawa. Tena hatunywi taratibu."

Noreen alikwenda duka la ushirika kwa mwendo ambao miguu yake ilikuwa imekwisha kuusahau. Alitupa fedha za kamati kwenye kaunta, akatia betri huku akitembea, akamkuta Bibi Olga jikoni, mikono myekundu kwa bitiruti.

"Na aproni hii? Ngoja nikavae koti!"

"Hakuna muda, Bibi. Twende. Metro alikujua kwa aproni."

Akasimama mlangoni, mkono mmoja juu ya mbao zilizopauka. Noreen alibonyeza, akabonyeza tena, mpaka msimamizi alipomwaga masalia ya kahawa yake chini. Mashine ikang'ata ghala kwenye kiuno. Lilipiga kelele, likainama, likalala, na vumbi la ngano ya miaka mingi likawafunika wote. Bibi Olga alilia kwa sauti.

Jioni Garth alirejea na vijitabu vipya, akawakuta wanawake hao wawili mezani wakitazama picha kwenye kompyuta. Aliinama juu yao. Hakusema pole.

"Imeinama," alisema. "Pale kwenye kona ni kidole. Na mbingu imekuwa nyeupe pe, haina hata wingu."

Noreen alifumbua kinywa, lakini Bibi Olga alimwahi.

"Na yako iko wapi, mwanangu?"

Garth alibabaika. "Bibi, nilitaka ya kwako itoke vizuri."

"Majira yote ya joto nimekuvalia koti la bluu. Ghala lilikuwepo. Jua lilikuwepo. Mimi nilikuwepo, na magoti yangu haya. Uliyekosekana ni wewe."

Garth alivikusanya vijitabu vyake, na safari hii hakuna aliyemwokoa kwa adabu.

Kitabu kilitoka majira ya kuchipua. Katika ukurasa wa akina Hryciuk yumo bibi mwenye aproni yenye madoa, ameshika mlango wa mumewe kana kwamba amemshika yeye mwenyewe. Vitukuu wake wanajua babu yao alikuwa nani. Picha aliyoitaka Garth haina kasoro hata moja mpaka leo, kwa kuwa haikupigwa kamwe. Mchagua jembe si mkulima.