Masega ya Chiriku

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana ekzosi zilikuwapo na mafundi wa kuzitoboa walikuwapo, aliishi Korogwe Mzee Shemdoe. Alikuwa na mke, Bi Nakijwa, na alikuwa na gari la spoti la ujana wake: la kijani, boneti ndefu, viti viwili basi. Tukiliita Chiriku kwa makelele yake. Alimpenda yupi zaidi sijui, na kupima moyo wa mtu si kazi yangu.

Chiriku likazeeka. Bomba la ekzosi likaoza, moshi ukaingia ndani. Likikohoa gari, anakohoa mke, na mke mwenyewe ana pumu. Siku moja Bi Nakijwa akashuka katikati ya safari.

"Huyu mke mwenzangu ataniua," akasema. "Endesha wewe, mimi natembea."

Akatembea. Miaka saba hakupanda tena. Akienda Lushoto kwa dada yake, anakwenda kwa basi, na Mzee anamfuata nyuma na Chiriku, kiti cha pili kitupu.

Mwishowe Mzee akashindwa kuvumilia. Ijumaa moja, baada ya swala, akasimama mbele yetu.

"Namwekea Mungu nadhiri. Atakayeniwezesha kumfikisha mke wangu Lushoto kwa gari hili bila kukohoa, gari ni lake."

Imamu akamwambia, "Mzee, nadhiri haina kurudi nyuma."

"Najua."

Akaja Sekiondo mchomeleaji. Bomba la gari lile haliuzwi popote, kwa hiyo akalala chini yake siku tatu, akapima kwa waya, kona kwa kona, akachomelea jipya. Kisha akasema, "Mzee, gari za siku hizi zina masega ndani ya ekzosi. Moshi unapita kwenye vitundu vyake, sumu inaungulia humohumo. Nafasi nimeiacha. Tafuta masega."

Mzee akamwandikia ujumbe Kaoneka, mtoto wa kaka yake Bi Nakijwa, dereva wa lori anayepita miji yote yenye maduka ya vipuri. Akaandika: "Mwanangu, niletee masega mazima, yasiyotobolewa. Ni kwa ajili ya kifua cha shangazi yako."

Kaoneka akaja kutoka Sikonge na ndoo mbili. Akazitoa kwa mikono miwili. "Mazima, Mzee. Nyuki wenyewe bado wanayalilia."

Sekiondo akatazama ndoo, akatazama bomba. "Haya nayachomelea wapi, ndugu yangu?"

Tulicheka mpaka Kaoneka akainama. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikalamba kipande bila kuomba. Mungu anisamehe yote mawili. Bi Nakijwa hakucheka. "Mtoto amebeba kifua changu kutoka Sikonge," akasema, "nyie mnacheka nini?" Akawa analamba asali ile asubuhi na jioni.

Ndipo akaja Namkunda, fundi wa kabureta kutoka Same. Masega ya ekzosi aliyapata kwenye gari lililopata ajali, mazima kabisa. Lakini akakataa kuyatoa kwenye mfuko aliokuja nao. "Gari hili linabugia petroli kama mlevi. Nikiyafunga leo, wiki moja yameziba." Akafungua kabureta, akasafisha, akarekebisha, akasikiliza, akarekebisha tena. Sekiondo akachomelea masega mahali pake.

Safari ikafika. Mzee kwenye usukani, Bi Nakijwa pembeni na kanga yake mpya, sisi nyuma kwenye pikapu ya Imamu. Wakapita Mombo, hajakohoa. Wakapanda kona za Soni, hajakohoa. Wakafika Lushoto, akashuka, hajakohoa. Mzee akaegemea boneti, akalia.

Kisha akanyoosha mkono wenye ufunguo. Gari moja, ufunguo mmoja.

Sekiondo akasema, "Bila bomba langu, masega yangefungwa hewani? Moshi ule nimeufukuza mimi."

Namkunda akasema, "Bomba lako lingebeba moshi uleule, kaka. Moshi wenyewe nimeusafisha mimi."

Kaoneka akasema polepole, "Nilikosea, nakiri. Lakini shangazi amelamba asali yangu wiki tatu. Nani anajua kifua kimetulizwa na masega yapi?"

Wakabishana mpaka Bi Nakijwa akainua mkono.

"Nisije nikafa na uongo. Pale Soni kikohozi kilinijia. Nikakimeza. Nilimtazama mume wangu anavyobadilisha gia huku anatabasamu kama siku aliyokuja kunioa, nikasema, leo simharibii."

Namkunda akasema, "Basi gari ni lako, mama." Sekiondo akasema, "Au si la mtu, maana kikohozi kilikuwapo." Kaoneka akasema, "Kikohozi kilichomezwa ni kikohozi?" Imamu akashika ndevu. Mzee hakushusha mkono, na nadhiri haigawanywi.

Nimeulizwa mimi, nikashindwa, na elimu yangu mnaijua ilipoishia. Basi nawaachia ninyi: aliyeutoa moshi nje, aliyeusafisha, aliyeleta masega yasiyo yenyewe, au aliyemeza kikohozi kwa mapenzi. Je, nani alistahili ufunguo ule?