Chakula cha Vifaranga

Wapendwa, watoto wa mbele wasogee kidogo, waliosimama nyuma wapate kukaa. Ahsanteni. Leo nina kisa kifupi cha mama mmoja mjane na kuku wake.

Kuku huyo alikuwa mwekundu, mnene, amependeza hata majirani wakamwita Bi Harusi. Alitaga vizuri, akaatamia vizuri. Siku ishirini na moja hakuinuka ila kula kidogo na kunywa maji. Lakini hakuanguliwa kifaranga hata mmoja. Akataga tena, akaatamia tena, mayai yakaoza tena. Alipoanza kuatamia mara ya tatu, mama alimwinamia bandani.

"Bi Harusi, safari hii nisipopata kifaranga, Jumapili utakuwa mchuzi. Usije ukasema sikukuambia."

Alitania, lakini kisu alikuwa amekwisha kukinoa. Na moyo ulimuuma, maana kuku huyu alimlea mwenyewe tangu akiwa manyoya tu.

Siku ya saba akapita binti mmoja, afisa wa mifugo, anachanja kuku wa kijiji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie mvivu wangu huyu."

Binti akaingia bandani mlimokuwa na giza, akachukua yai moja, akalimulika kwa tochi ya simu. "Sogea uone, mama."

Mama akasogea. Ndani ya yai aliona duara jembamba, jekundu kama uzi.

"Ni nini hiki?"

"Ni damu. Kifaranga alikuwamo humu. Alianza vizuri, moyo ukaanza kupiga, akafa siku ya tatu au ya nne."

Mama akaketi chini, palepale penye vumbi. "Basi huyu kawaacha wakapigwa baridi!"

"Hapana, mama, usimsingizie. Kawalalia vizuri. Kabla hajataga ulikuwa unamlisha nini?"

"Pumba za mahindi. Namfungia humu, maana akitoka anamaliza mchicha wa jirani."

"Basi majani hapati."

"Atayapata wapi?"

Binti akalirudisha yai taratibu chini ya kuku. "Mama, kifaranga akiwa ndani ya yai hawezi kutoka kwenda kutafuta chakula. Anakula kile tu alichowekewa na mama yake kwenye kiini. Sasa, iko vitamini moja, inaitwa E. Inapatikana kwenye majani mabichi na mbegu za mafuta, kama alizeti. Ikimpungukia kuku, yeye utamwona mzima, ananenepa, anataga. Anayekufa ni yule mchanga wa ndani, siku zake za mwanzo kabisa. Nadhani ndicho kilichowapata hawa."

Mama akageuza uso kuelekea nyumbani.

"Alizeti ninayo," akasema polepole. "Debe zima, liko chumbani. Nimewawekea vifaranga. Nilisema wakizaliwa tu, nitawasagia."

Mmesikia, wapendwa? Chakula chao kilikuwa nyumba hiyohiyo, kimefunikwa vizuri, kinawangoja wazaliwe. Nao wakafa kwa kukikosa.

Mama akanyoosha mkono, akamshika kuku mgongoni. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia.

Je, sisi tuko mbali na mama huyu? Mtoto akizaliwa tunafika na kanga, na supu, na sabuni, na vigelegele. Tunafanya vema. Lakini zile wiki za kwanza, mimba haijaonekana, mama yake anabeba ndoo na kula ukoko uliobaki, ni nani kati yetu alimuuliza, "Umekula nini leo?" Halafu jambo likiharibika tunakuwa wepesi wa kusema ni tumbo lake.

Dada yangu uliyepoteza, nakuomba usiubebe mfano huu kama mzigo. Mimba huharibika kwa sababu nyingi, nyingine hata daktari hazijui. Sikusemi wewe. Natusema sisi tuliokaa na funguo za chumba, huku tunakutazama kwa jicho baya.

Mungu huanza kututunza kabla jicho lolote halijatuona. Kwa nini sisi tungoje mpaka tuone?

Basi kama kwako yupo mtu ambaye tangu juzi hataki hata harufu ya chai, na anasema ni uchovu tu, usimhoji. Ukitoka hapa, pitia sokoni.