Hodi ya Tatu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mji, mji una watu, na watu wana midomo. Haya, tegeni masikio.

Hapo kale jini mmoja alipita mji wa Gumzo akigawa vijiwe ving'aavyo, tena bure. Ukikitazama chako, unaona unachokitamani. Basi watu wakatazama. Wakala wakitazama, wakalala wakitazama, wakapishana njiani wakitazama. Vijiwe vya kupigia soga vikafa, vikabaki vijiwe vya mkononi. Ukipiga hodi, kimya.

Siku moja Mize alirudi kisimani na ndoo yake kichwani, asiuone mlango wa nyumba yake. Ukuta mtupu, laini, mweupe kama tui. Ndani mwanawe Siti analia, na mumewe Vuai yumo, na kijiwe chake.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, baba Siti!" Kimya.

Mjusi ukutani akasema, "Mize, Mize! Mlango chakula chake ni neno "karibu". Wenu umekufa njaa. Na hodi ni tatu, wajua mwenyewe. Ya tatu isipoitikiwa, mtu hugeuka akaenda zake, harudi."

Mize akaogopa, akaogopa sana. Ile ya tatu akaimeza. Akatua ndoo, akaketi barazani, akaanza kusema na ukuta.

"Baba Siti, maji ya leo matamu." Kimya.

"Baba Siti, mbuzi wa Bi Shuu kazaa mapacha." Kimya.

"Baba Siti, ule mchuzi wa pweza wa mama yako, nazi ilikuwa moja."

Ndani kitu kikaanguka, pu!

"Nani kasema? Nazi mbili! Niliziona kwa macho yangu!"

"Moja."

"Mbili!"

"Moja, tena koroma, haijakomaa!"

"We mwanamke, we!" Vuai akaangua kicheko. Mize naye akacheka hata machozi yakamtoka, maana sauti ile alikuwa ameitamani siku nyingi. Hapo akasema, polepole:

"Hodi."

"Karibu, mama Siti. Karibu ndani."

Ukuta ukashusha pumzi, mlango huo, wazi. Mize akaingia, akambeba mwanawe. Kijiwe kilikuwa sakafuni, kimezimika. Wakakifanya kizuizi, mlango usijifunge.

Ngano yangu imefika kizingitini. Asiyetaka kuitikia hodi ajenge ukuta, asihangaike na mlango. Nanyi mkija kwangu, pigeni hata ya nne. Masikio ndiyo mazito, si roho.